Kuhuisha funguo za VPN kati ya ofisi ya Mtwara na ghala la Newala: mwongozo kamili

Fundi yeyote wa mitandao huku Kusini ameshasikia malalamiko haya. Asubuhi VPN, yaani njia iliyosimbwa inayounganisha ofisi na ghala kupitia intaneti, inapanda vizuri, karani wa ghala kule Newala anaingiza uzito wa magunia ya korosho na kutoa stakabadhi, kisha baada ya kama saa moja kila kitu kinaganda. Taa za ruta zinawaka, WhatsApp inaenda, ila mfumo wa ofisi haufunguki. Anazima ruta, anawasha, kazi inaendelea. Saa moja baadaye yanajirudia yale yale, na lawama zote anabebeshwa mtoa huduma wa intaneti, au mvua, au umeme.

Tatizo linalorudi kwa kipimo kile kile cha muda lina saa inayoliendesha, na mara nyingi saa hiyo ni muda wa kuhuisha funguo za usimbaji. Ndiyo maana nashikilia kanuni moja: VPN isikabidhiwe kwa mwenye ofisi mpaka imeonekana kwa macho ikibadili funguo na kazi ikiendelea bila mtu kugusa kitu. Kuwaka tu hakutoshi.

Mwongozo huu unamlenga anayesimamia mtandao wa chama cha ushirika, hospitali, shule au kampuni yenye ofisi Mtwara mjini au Lindi na matawi wilayani. Nimechukua mfano wa seva ya Linux iliyoko Mtwara yenye strongSwan (programu ya VPN ya aina ya IPsec), na ruta ya MikroTik iliyoko ghalani Newala inayotumia intaneti ya simu. Baada ya hapo nitaingia aina nyingine mbili za VPN: OpenVPN kwa watumishi wanaotembea na kompyuta mpakato, na WireGuard kwa ufupi.

Funguo za aina mbili

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Ndani ya VPN kuna funguo za kudumu na funguo za kipindi. Za kudumu ndizo zinazothibitisha nani ni nani: cheti, neno la siri linaloshirikiwa kati ya ruta mbili, au jozi ya funguo za WireGuard. Hizi hukaa miezi au miaka, na kuzibadilisha ni kazi ya mtu. Za kipindi ndizo zinazosimba data yenyewe. Mashine mbili huzitengeneza kwa kukubaliana, hudumu dakika au saa chache, kisha hutupwa na kutengenezwa nyingine.

Sababu za kuzibadili ni mbili. Kwanza, kila algorithimu ina kiasi cha data ambacho si salama kukivuka chini ya ufunguo mmoja. Mwaka 2016 watafiti walionyesha shambulio lililoitwa Sweet32 dhidi ya algorithimu za zamani zenye bloku ya biti 64, kama Blowfish na 3DES: ukikusanya data nyingi iliyosimbwa kwa ufunguo mmoja, siri huanza kuvuja. OpenVPN ilijibu kwa kuwekea algorithimu hizo kikomo cha megabaiti 64 kwa kila ufunguo. Pili, mtu akifanikiwa kuiba ufunguo wa kipindi, anachopata kiwe mawasiliano ya saa moja, yasiwe ya msimu mzima.

Hiyo sababu ya pili ina sharti lake. Ufunguo mpya lazima utokane na makubaliano mapya kabisa ya Diffie-Hellman, mbinu ya mashine mbili kutengeneza siri ya pamoja bila kuitumana. Ukizaliwa kutokana na ule wa zamani, aliyeshika chimbuko anashika na vitukuu. Sharti hili huitwa PFS (Perfect Forward Secrecy), na ndilo linaloleta ile ganzi ya kila saa pale pande mbili zisipopangwa sawasawa.

Hatua ya 1: Kabla hujagusa chochote

Chukua nakala ya mipangilio ya pande zote mbili. Mtwara:

    cp -a /etc/swanctl /root/swanctl-kabla

Newala, kwenye MikroTik:

    /export file=kabla

Usifanye kazi hii ukiwa umeingia kwenye ruta ya Newala kupitia VPN hiyo hiyo unayotaka kuibadilisha. Utakata tawi ulilokalia, na safari ya kupitia Tandahimba kwenda kubonyeza kitufe kimoja ni ndefu. Tafuta njia ya pili: mtu aliyeko ghalani mwenye kompyuta na simu yenye bando, ambaye utaingia kwake na kuifikia ruta ukiwa upande wa ndani. Kwenye MikroTik washa Safe Mode kwa kubonyeza Ctrl+X kabla ya kuanza. Ukikatika ghafla, ruta hurudisha yenyewe mabadiliko uliyofanya tangu ulipoiwasha. Ukimaliza salama, bonyeza tena Ctrl+X ili yabaki.

Kisha panga saa. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa, hivyo umeme ukikatika zinaamka na saa iliyochelewa. Saa mbovu hufanya cheti halali kionekane hakijaanza kutumika au kimeshakwisha, na logi za pande mbili hazioani unapotafuta tatizo. Kwenye RouterOS 7, mfumo endeshi wa MikroTik:

    /system clock set time-zone-name=Africa/Dar_es_Salaam
    /system ntp client set enabled=yes
    /system ntp client servers add address=pool.ntp.org

Linda na wakati wa kazi. Minada ya korosho hufunguliwa kuanzia Oktoba, na tangu minada ihamie kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, ghala lisilo na mtandao siku ya mnada ni jambo zito. Fanya mabadiliko haya mashamba yakiwa bado kwenye kupuliziwa salfa, au usiku magunia yakiwa hayapokelewi.

Hatua ya 2: Kuandika mpangilio wa Mtwara

Katika IKEv2, itifaki ambayo pande mbili za IPsec hutumia kukubaliana funguo, kuna tabaka mbili za funguo za kipindi, na kila moja ina muda wake. Tabaka la juu, IKE, ni njia ambayo ruta mbili huzungumzia mambo yao. Tabaka la chini, CHILD, ndilo linalobeba data ya ofisi. strongSwan usipoiambia kitu huhuisha IKE kila baada ya saa 4 na CHILD kila baada ya saa 1. Muda huo ni mzuri, lakini uandike waziwazi kwenye faili ili atakayekuja baada yako aone nia yako.

    connections {
      newala {
        version = 2
        local_addrs = 203.0.113.10
        remote_addrs = %any
        proposals = aes256-sha256-modp2048
        rekey_time = 4h
        reauth_time = 0
        dpd_delay = 30s
        local {
          auth = psk
          id = @mtwara
        }
        remote {
          auth = psk
          id = @newala
        }
        children {
          ghala {
            local_ts = 10.20.0.0/24
            remote_ts = 10.20.5.0/24
            esp_proposals = aes256-sha256-modp2048
            rekey_time = 60m
            life_time = 70m
            rand_time = 5m
            dpd_action = clear
          }
        }
      }
    }
    secrets {
      ike-newala {
        id = @newala
        secret = "weka-hapa-neno-la-siri"
      }
    }

Badilisha anwani ziwe zako. Neno la siri usilitunge kichwani. Litoe kwa `openssl rand -base64 32`.

Mistari mitatu ya muda ndiyo inayohitaji kueleweka vizuri. `rekey_time` ni muda ambao Mtwara itaanza kuomba ufunguo mpya. `rand_time` huambia seva ipunguze kiasi cha kubahatisha kutoka kwenye muda huo, kwa hiyo hapa kuhuisha kutatokea kati ya dakika ya 55 na ya 60. Bahati nasibu hiyo husaidia ukiwa na maghala mengi: yasikurupuke yote kwa sekunde moja kuomba funguo, na pande mbili za njia moja zisianze kuomba kwa pamoja. `life_time` ni mwisho wa uhai. Ikifika dakika ya 70 bila ufunguo mpya, wa zamani unauawa na data inasimama.

Nafasi kati ya 60 na 70 ndiyo akiba yako, na hapo usibane. strongSwan isipojibiwa hurudia ombi mara 5 kwa vipindi vinavyoendelea kurefuka, na kwa kawaida hukata tamaa baada ya sekunde 165, yaani karibu dakika 3. Kwa intaneti ya simu inayoyumba, akiba ya dakika moja ni kutafuta maneno. Dakika 10 zinatosha majaribio yote hayo kukamilika kabla ufunguo wa zamani haujafa.

`reauth_time = 0` maana yake usithibitishe utambulisho upya, huisha funguo tu. Kuthibitisha upya hujenga IKE nzima kuanzia mwanzo, na kwa matoleo ya zamani ya strongSwan hiyo ilimaanisha njia kubomolewa kwanza ndipo ijengwe tena. Kwa ghala lenye laini dhaifu siioni faida yake.

Hatua ya 3: Kuandika mpangilio wa Newala

    /ip ipsec profile add name=mtwara hash-algorithm=sha256 \
      enc-algorithm=aes-256 dh-group=modp2048 \
      lifetime=1d dpd-interval=30s
    /ip ipsec proposal add name=mtwara auth-algorithms=sha256 \
      enc-algorithms=aes-256-cbc pfs-group=modp2048 lifetime=2h
    /ip ipsec peer add name=mtwara address=203.0.113.10 \
      exchange-mode=ike2 profile=mtwara
    /ip ipsec identity add peer=mtwara \
      auth-method=pre-shared-key secret="neno-lile-lile" \
      my-id=fqdn:newala remote-id=fqdn:mtwara
    /ip ipsec policy add peer=mtwara tunnel=yes \
      src-address=10.20.5.0/24 dst-address=10.20.0.0/24 \
      proposal=mtwara

Angalia `lifetime=2h` kwenye `proposal`. Mtwara tumeandika dakika 60, Newala saa 2, na hilo ni la makusudi. IKEv2 haijadiliani kuhusu muda: kila upande una saa yake na hautangazi. MikroTik huanza kuhuisha inapofika karibu asilimia 80 ya muda uliouandika, kwa hiyo kwa saa 2 ingeanza kwenye dakika ya 96 hivi. Mtwara itakuwa imeshahuisha kabla ya hapo kila mara. Napenda upande mmoja uongoze, na uwe ule ambao logi zake nazisoma kwa urahisi. Kuna wanaosisitiza kuandika muda sawa pande zote ili pafanane. Mpangilio huo unaweza kuleta pande mbili kuomba ufunguo kwa wakati mmoja, na vifaa vingine hushindwa kuusuluhisha mgongano huo.

Muda unaweza kutofautiana, lakini kundi la Diffie-Hellman, yaani ukubwa wa namba zinazotumika kwenye makubaliano, haliruhusiwi kutofautiana hata kidogo. Mtwara `modp2048` kwenye `esp_proposals`, Newala `modp2048` kwenye `pfs-group`. MikroTik usipoiambia kitu huweka `modp1024`, na hapo ndipo mtego ulipo.

Kwa nini njia inapanda kisha inakufa baada ya saa moja

IKEv2 inapofungua njia kwa mara ya kwanza, hufanya Diffie-Hellman mara moja tu, kwa ajili ya tabaka la IKE. CHILD ya kwanza huzaliwa ndani ya mazungumzo hayo hayo ya utambulisho, na funguo zake hutokana na matokeo yale yale. Kundi uliloliandika kwenye `esp_proposals` au `pfs-group` halitazamwi kabisa wakati huo. Kwa hiyo Mtwara ikiwa na `modp2048` na Newala ikiwa na `modp1024`, njia inapanda, ping inajibu, unapiga picha ya skrini na kumtumia meneja.

Dakika ya 57 Mtwara inaomba ufunguo mpya. Sasa ndipo kundi linatajwa kwa mara ya kwanza, na Newala inakataa kwa sababu hailijui. Mtwara inarudia, inakataliwa. Dakika ya 70 ufunguo wa zamani unakufa, na karani anaona mfumo umeganda. Akizima ruta na kuwasha, njia inajengwa upya kuanzia mwanzo, kundi halitazamwi, na kila kitu kinaonekana kimepona.

Ndiyo maana nasema jaribio la kuwaka halithibitishi chochote kuhusu kuhuisha.

Hatua ya 4: Kulazimisha kuhuisha na kutazama

Huna haja ya kusubiri saa nzima. Pakia mpangilio na hakikisha njia iko juu:

    swanctl --load-all
    swanctl --list-sas

Chini ya jina `ghala` utaona namba mbili za utambulisho wa njia, moja ya kuingia na moja ya kutoka, kiasi cha data kilichopita, na sekunde zilizobaki kabla ya kuhuisha na kabla ya kufa. Nakili namba hizo mbili. Fungua dirisha la pili, anzisha ping ya haraka kwenda Newala na uiache iendelee:

    ping -i 0.2 10.20.5.1

Dirisha la tatu liwe la logi, `swanctl --log`. Kisha kwenye la kwanza toa amri:

    swanctl --rekey --child ghala

Kwenye logi tafuta mstari wenye sura hii:

    generating CREATE_CHILD_SA request 2 [ N(REKEY_SA) SA No KE TSi TSr ]

Soma kilichomo kwenye mabano ya mraba neno kwa neno. `N(REKEY_SA)` ni taarifa kwamba hii ni kuhuisha, si njia mpya. `SA` ni orodha ya algorithimu zinazopendekezwa. `No` ni namba ya kubahatisha ya mara moja. `KE` ndiyo unayoitafuta: ni Diffie-Hellman mpya ikisafirishwa. `KE` isipokuwepo, funguo zinabadilika lakini PFS haipo, na hutaonywa popote. `TSi` na `TSr` ni anwani za mitandao ya pande mbili.

Jibu la Newala likirudi likiwa na `SA No KE TSi TSr`, umefaulu. Likirudi na ujumbe huu, umeukamata mtego kabla haujamkamata karani:

    received NO_PROPOSAL_CHOSEN notify, no CHILD_SA built

Rudi Hatua ya 2 na ya 3, linganisha herufi kwa herufi. Baada ya kufaulu toa tena `swanctl --list-sas`. Namba mbili za utambulisho lazima ziwe tofauti na zile ulizonakili, na kaunta ya data iwe imeanza upya. Tazama ping: isipoteze paketi, kwa sababu ufunguo wa zamani huendelea kufanya kazi hadi mpya uwe tayari. Ukiona imepotea moja au mbili kwenye intaneti ya simu, rudia jaribio. Zikipotea kila mara kwenye sekunde ile ile ya kuhuisha, kuna kasoro.

Jaribu na tabaka la juu kwa `swanctl --rekey --ike newala`. Halafu, na hili watu wengi hulisahau, jaribu kuhuisha kukianzia Newala. Weka kwa muda `lifetime=5m` kwenye `proposal` ya MikroTik, iangushe njia ipande upya, na subiri dakika 4 hivi. Kuna vifaa vinavyopokea ombi vizuri lakini vyenyewe vikiomba vinakosea. Ukimaliza rudisha `2h`.

Mwisho iache njia ifanye kazi kwa muda wake halisi hadi ipite `life_time` mara mbili, na mtu akiwa kazini kwenye mfumo. Hapo ndipo unaweza kukabidhi.

Hatua ya 5: OpenVPN kwa watumishi wa kutembea

Afisa ushirika anayezunguka AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za Nachingwea na Liwale akiwa na kompyuta mpakato huhudumiwa vizuri zaidi na OpenVPN. Hapa amri kuu ni `reneg-sec`, na isipoandikwa ni sekunde 3600. Upande wa seva muda halisi huchaguliwa kwa kubahatisha kati ya asilimia 90 na 100 ya huo, kwa hiyo usishangae kuona kuhuisha kwenye sekunde ya 3391.

Kila upande una saa yake, na yenye muda mfupi ndiyo inayotangulia. Ukiandika `reneg-sec 0` kwa mteja peke yake, seva itaendelea kuhuisha kama kawaida. Tabia hiyo inakupa njia nyepesi ya kujaribu: weka `reneg-sec 120` kwenye faili la mteja mmoja tu, na wengine wote hawataguswa. Kwenye logi ya mteja subiri mstari unaoanza hivi:

    TLS: soft reset sec=120/120

Baada yake lazima ije mistari ya kutaja cheti cha seva na algorithimu ya data. Ukikuta badala yake

    TLS Error: TLS key negotiation failed to occur within 60 seconds

mazungumzo hayakukamilika ndani ya dirisha la `hand-window`, ambalo kwa kawaida ni sekunde 60. Kwa vijiji ambako intaneti inashuka hadi 2G, napandisha hadi 120 pande zote mbili. Kushindwa mara moja hakuiangushi njia: `tran-window`, kwa kawaida sekunde 3600, huuacha ufunguo wa zamani uendelee kutumika wakati mpya unajaribiwa tena.

Kero kubwa ya OpenVPN ni nenosiri. Kila kuhuisha ni uthibitisho kamili, kwa hiyo ukiwa umewawekea watumishi nenosiri pamoja na `auth-nocache`, au namba ya mara moja ya kwenye simu, mteja ataulizwa tena kila saa. Wengi hutatua kwa kuandika `reneg-sec 0` kila mahali, na hapo wameua kuhuisha kabisa. Usifanye hivyo. Andika upande wa seva:

    reneg-sec 3600
    auth-gen-token 43200
    data-ciphers AES-256-GCM:AES-128-GCM:CHACHA20-POLY1305

Seva itampa mtumishi tokeni baada ya kuingia mara ya kwanza, na kwa saa 12 tokeni hiyo ndiyo itakayotumika kwenye kila kuhuisha. Anaandika nenosiri asubuhi, anamaliza siku.

Kuna faida nyingine ambayo ningependa kila meneja aijue. Cheti cha mtumishi kikifutwa na orodha ya vyeti vilivyofutwa ikiwekwa kwenye `crl-verify`, seva huisoma orodha hiyo upya katika kila kuhuisha. Karani aliyeachishwa kazi akiwa bado ameunganishwa hataweza kupata ufunguo mpya, na ule wa zamani utakufa. Kwa aliyeandika `reneg-sec 0`, karani huyo anaweza kubaki ndani mpaka yeye mwenyewe azime kompyuta.

Kama bado una OpenVPN ya zamani inayotumia faili moja la ufunguo wa kudumu kwa `secret`, hakuna cha kuhuisha hapo: ufunguo ni ule ule milele na PFS haipo. Toleo la 2.6 limeshautangaza mtindo huo kuwa wa kuachwa. Hamia vyeti.

WireGuard

WireGuard imekuwemo ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na RouterOS 7 inayo. Funguo za kipindi hazina cha kupanga: data ikiwa inapita, hubadilishwa kila baada ya sekunde 120, na zikifika sekunde 180 hukataliwa. Kwa ruta ya Newala iliyo nyuma ya NAT ya mtandao wa simu, yaani isiyo na anwani yake ya wazi kwenye intaneti, ongeza tu `persistent-keepalive=25s`. Amri `wg show wg0` huonyesha makubaliano ya mwisho (latest handshake) yalifanyika muda gani uliopita; njia yenye shughuli ikionyesha zaidi ya dakika 3, kuna tatizo.

Kazi inayobaki kwako ni jozi za kudumu. Kwenye MikroTik tengeneza kiolesura cha pili, nacho kitajizalishia jozi mpya chenyewe:

    /interface wireguard add name=wg-mpya listen-port=13232

Ongeza ufunguo wake wa umma Mtwara ukiwa na anwani ya muda, jaribu mpaka ujibu, kisha hamishia anwani halisi:

    wg set wg0 peer UFUNGUO_MPYA allowed-ips 10.30.0.5/32,10.20.5.0/24

Anwani moja haiwezi kumilikiwa na wawili, kwa hiyo amri hiyo humpokonya wa zamani papo hapo. Hakikisha Newala anwani na ruti zimeshahamia kwenye `wg-mpya`, kisha mwondoe wa zamani kwa `wg set wg0 peer UFUNGUO_WA_ZAMANI remove`, na uandike mabadiliko kwenye `/etc/wireguard/wg0.conf`, amri ya `wg set` peke yake haidumu seva ikiwashwa upya. Ufunguo binafsi usisafiri kwa WhatsApp wala barua pepe. Unaohitaji kutumwa ni wa umma tu.

Hatua ya 6: Funguo za kudumu na kalenda yake

Neno la siri la IPsec libadilishe mara moja kwa mwaka nje ya msimu, na siku ile ile anapoondoka yeyote aliyelijua. Kuhuisha kila saa hakumzuii mtu mwenye neno la siri kufungua njia yake upya.

Vyeti vya easy-rsa, zana ya kutengenezea vyeti vya OpenVPN, kwa kawaida hudumu siku 825, lakini orodha ya vyeti vilivyofutwa hudumu siku 180 tu. Orodha hiyo ikipitwa na wakati, OpenVPN hukataa wateja wote, wenye vyeti halali wakiwemo. Ukiitengeneza Aprili, itaisha Oktoba minada ikifunguliwa. Tazama tarehe zako:

    openssl x509 -enddate -noout -in server.crt
    openssl crl -nextupdate -noout -in crl.pem

Upande wa sheria, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo likiwataka watu na taasisi zinazotumia VPN kutoa taarifa zake na kujisajili. Hakikisha VPN ya ofisi imesajiliwa kabla ya kuanza kuihangaikia kiufundi. Na kwa kuwa majina ya wakulima na akaunti zao za benki hupita humo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu moja kwa moja.

Ili tarehe ya cheti isikupite, weka ukaguzi huu kwenye cron (ratiba ya kazi za kujiendesha) ya seva ya Mtwara, kila Jumatatu asubuhi. Sekunde 2592000 ni siku 30:

    0 7 * * 1 openssl x509 -checkend 2592000 -noout -in /etc/openvpn/server.crt >/dev/null || echo "Cheti cha VPN kinaisha ndani ya siku 30" | mail -s "VPN Mtwara" root

Elekeza barua za `root` kwenye anwani inayosomwa na watu wawili, fundi na msimamizi wake, kisha jaribu mara moja kwa kuweka namba kubwa kama 99999999 uone ujumbe unafika.